Lipu Mbichi

Chokaa niliyoizika shimoni nyuma ya banda
ilikuwa imetimiza miaka mitatu, laini kama siagi.
Shemeji yangu Zdravka alikuwa ametimiza miaka tisa
ya kusema bado.

Bado mikono inanishinda.
Bado sijaipata rangi ya jani la tumbaku
lililokauka upande mmoja tu.
Acha baridi ipite. Acha joto lipungue.
Madaftari kumi na manne chini ya kitanda,
na ndani ya yote wanawake walewale watano
wanatunga tumbaku uzini, wameinamisha vichwa,
wanene mwaka huu, wembamba mwaka ujao,
hakuna hata mmoja aliyewahi kufika ukutani.

Mimi mwashi. Kuku nikimchora, utadhani ni birika.
Ila ukuta naujua,
huu wa kituo cha maziwa kilichofungwa,
unaotazama kusini, mto Arda uko chini yake.
Halmashauri ilimpa Zdravka auchore.
Alisaini karatasi,
akarudi nyumbani kuchonga penseli.

Basi Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi,
milima ya Rodopi ikiwa haijavua ukungu,
nilishika mwiko nikavunja mwiko:
sikubisha hodi, sikumwuliza.
Nikaulowesha ukuta, nikapiga lipu,
mita mbili kwa moja na nusu,
nikaisawazisha hadi ikatoa mng'ao wa jicho la ng'ombe.
Ndipo nikampigia simu.

"Ukuta ni mbichi," nikamwambia.
"Saa nane mchana utafunga kinywa."

Alinitukana. Matusi mengine
sikuwa nimeyasikia tangu jeshini.
Akaja na aproni juu ya nguo ya kulalia,
rangi zake ndani ya vikopo vya mtindi,
na daftari moja tu, tena silo.

Akasimama.
Saa moja ikapita. Saa mbili.
Stoyanka wa duka la mkate akatoka, akatazama,
akarudi ndani.
Lipu ilikuwa inakunywa maji yake polepole,
haimwulizi mtu amesomea wapi.
Nilisikia pumzi ya Zdravka puani
kama ya mtu anayeshuka ngazi gizani
akitafuta kidato kwa ncha ya mguu.

Saa tatu kasoro robo akachovya brashi.

Mkono wa kwanza ukatoka na vidole sita.
Nikahesabu. Nikahesabu tena.
Nikageuka kuosha ndoo iliyokwisha kuwa safi.
Rangi ikishaingia kwenye lipu haifutiki;
ukiitaka itoke, chukua nyundo.
Naye akauona. Kimya.
Nyundo yangu ilikuwa pale, miguuni pake.

"Huyu ni Fidanka," akasema hatimaye.
"Hakuna aliyetunga haraka kama yeye.
Lazima alikuwa na kimoja cha ziada."

Kuanzia hapo hakuzungumza nami.
Shingo ya Fidanka ikaja nene mno, akaiacha.
Jani likaja, la pili, la ishirini,
na mahali fulani kati ya la saba na la ishirini
(nilikuwa nakula mkate, sikuona ni lipi)
rangi ile ya kukauka upande mmoja
ilijileta yenyewe,
udongo wa manjano ukielea juu ya kijani
kabla kijani hakijatulia.

Saa nane ukuta ukafunga.
Mwanamke mmoja mzima,
wa pili hana kichwa,
sindano imening'inia hewani ikisubiri mwenyewe.

Zdravka akaosha brashi zake mfereji wa barabarani.
Asante hakusema. Chokaa nyusini,
nguo ya kulalia imelowa hadi magotini.
"Kesho," akauliza, "unachanganya saa ngapi?"

Nami mchanga sikuwa nimechuja.
Mgongo ulikuwa unaniuma, na kusema kweli
sikuwahi kufikiria kuna kesho.
Neno lile la miaka tisa
likanipanda hadi kwenye ulimi.

"Saa kumi na moja," nikasema.

Usiku ule nilichuja mchanga kwa taa za gari
hadi betri ikafa.